Boila Namba Mbili

Unaniuliza, Renaud, umeneja wa majengo husomewa wapi.
Shika tochi kwanza.
Nje Winnipeg imeganda, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
mate yakitemwa hufika chini yakiwa kokoto,
na humu chini ya ardhi, saa kumi alfajiri, boila namba mbili
inakohoa.

Sikiliza. Si hiyo. Hiyo ni pampu, haina neno.
Ile nyingine, ya chini zaidi, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kuomba mkopo.
Eeh. Hiyo.

Mimi niliingia hapa kwa mlango wa takataka.
Halyna Wasyliw, miaka ishirini na sita, ndoo na fagio la zamu ya usiku,
ghorofa tisa, vyoo thelathini na sita,
na nilijua kila bomba linalovuja kwa sauti yake
kabla sijajua jina la meneja.
Mzee Baptiste Lavallée, fundi wa boila, alinikuta
nimeweka kikombe chini ya kiungo kibovu
na kuandika ukutani kwa penseli:
saa nne, nusu kikombe; saa nane, kimejaa.
Hakunisifu. Alinipa spana.

Maneno yake yapo bado, kwa chaki, juu ya mlango ule:
Jengo halina mdomo, lina mlio na joto;
lipime kina na kimo, kama mama na mtoto.

Cheti cha kwanza nilikisomea jikoni
huku mwanangu ananivuta soksi:
mvuke, shinikizo, valvu ya usalama.
Cha umeme nilifeli. Nikarudia.
Kisha madarasa ya jioni, miaka minne,
bajeti, zabuni, sheria za moto,
na namna ya kumwambia mkandarasi hapana
bila kukunja uso.
Hilo la mwisho nililipita kwa alama moja.

Vyeti vinatakiwa, usidanganywe.
Ila cheti hakina pua.
Waya unaoungua hunuka shombo.
Dari iliyokunywa maji hunuka kabati la marehemu.
Na jifunze watu: Bi Friesen wa uhasibu akilalamika baridi,
mpelekee kipimajoto, kaa naye kidogo, muulize habari za paka,
usiguse kitu.
Daktari wa meno wa ghorofa ya tano akilalamika baridi,
kimbia.

Waliponipandisha cheo walinipa funguo mia na kumi na mbili
na simu moja. Simu ndiyo nzito.
Ililia katika mazishi ya mama yangu.
Nikatoka kwenye theluji, nikamwelekeza mtu valvu,
kushoto, kushoto kwako, hapana, kwako,
nikarudi padri amefika kwenye amina.
Hilo huwa hawaliandiki kwenye tangazo la kazi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ni nusu ya methali. Nusu nyingine ni hii:
ukiuziba, ukuta utasimama,
na kikaoni watauliza zilikwenda wapi fedha za lipu.
Miaka kumi na moja naomba boila mpya.
Mwaka jana walinunua marumaru ya mapokezi.
Nzuri sana. Naipiga deki mwenyewe
mfagiaji akiugua.

Haya, sasa. Funga hiyo nyekundu, robo tu.
Usiilazimishe, si adui yako.
Ngoja.
Ngoja tena.
Umesikia? Imemeza.

Saa mbili watakuja, wakikung'uta viatu mlangoni,
wakilaani hewa, wakilaani barabara,
na kabla ya kufika kwenye lifti watavua makoti
bila kufikiri.
Simama karibu na nguzo siku moja uwatazame
wakivua makoti.
Huo ni mshahara.
Mwingine huingia tarehe ishirini na tano, na hautoshi.

Nishikie ngazi.